Mstari wa Tatu

Siku ya pili ya sikukuu ya Chakula Baridi, mji mzima wa Yunxi ulikuwa umezima majiko, na Ruan Suyin alikuwa ameshakula uji wa shayiri uliolala mara nne mfululizo. Hakulalamika. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na kumi na minane kati ya hiyo alikuwa amekula alichopewa, mahali alipoitwa, saa aliyoitwa. Uji wa baridi lilikuwa jambo dogo.

Kilichomkera ni barabara. Kutoka dirisha la nyumba ya watumbuizaji wa serikali aliiona barabara ya mlimani ikipita katikati ya miforosadi, na tangu alfajiri watu walikuwa wakiipanda kwa mafungu, fagio begani na kikapu mkononi, wakienda kufagia makaburi ya wazee wao. Kaburi la mama yake lilikuwa huko huko, Kilima cha Misonobari, mwendo wa asubuhi moja. Hakuwahi kulifagia hata mara moja. Siku mama yake alipozikwa, Suyin alikuwa akipiga gambusi kwenye karamu ya mkaguzi wa chumvi. Aliomba ruhusa, akaambiwa mkaguzi anapenda sana nyimbo za kusini. Tangu hapo kila mwaka ni yale yale. Siku hizo tatu ambazo moto umekatazwa ndizo karamu za wakubwa zinapopamba moto, na mtumbuizaji aliyeandikwa kwenye daftari la serikali akiitwa haulizi kwa nini.

"Dada, ukiitazama sana hiyo barabara itakwisha," alisema Zhiying, mwenzake wa chumba, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye sauti nzuri na mdomo usio na mlango. "Geuka nikufunge nywele."

"Funga tu, nywele ziko upande wako."

"Ombi lako limefika wapi?"

"Kwa Liwali. Miezi mitatu sasa."

"Miezi mitatu anasoma karatasi moja. Halafu wanamwita msomi." Zhiying alivuta shungi la nywele kwa nguvu kidogo. "Na nakala nyingine unayo mkononi mwa joho kama kawaida?"

"Ninayo."

"Siku moja utalifua joho hilo, na uhuru wako utatoka na maji ya sabuni."

Suyin alicheka, akaigusa karatasi ndani ya mkono mpana wa joho lake. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa hadi imelegea kama kitambaa. Ombi lenyewe lilikuwa fupi: jina lake lifutwe daftarini. Hakuomba nyumba wala mume. Alitaka tu siku moja asiitwe, ashike fagio aende zake. Neno la Liwali lingetosha, mistari miwili ya brashi, na Liwali huyo alikuwa Lu Boheng.

Lu Boheng hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Mtu mbaya unamchukia, ukalala usingizi wako. Huyu alikuwa mpole, mwenye haya, aliyewahi kufanya jambo moja baya kwa kunyamaza.

Miaka kumi na sita nyuma alikuwa mwanafunzi aliyeshindwa mtihani wa serikali mara mbili, akazurura na marafiki zake hadi Hekalu la Kengele Kuukuu, nje kidogo ya Yunxi. Suyin alikuwa ameitwa kuwatumbuiza. Siku arobaini zilikuwa zimepita tangu mama yake azikwe, na njiani alikuwa ametunga shairi kichwani, la mistari minne. Hekaluni palikuwa na ukuta mweupe ambapo wasafiri waliandika mashairi yao, ila mwanamke wa daftarini hakuruhusiwa kuugusa kwa brashi. Lu akamwambia, "Nisomee nikuandikie. Jina lako nitaliweka chini." Akasoma, yeye akaandika, na mwandiko wake ulikuwa mzuri, hilo halina ubishi. Kabla hajafika kwenye jina, mtawa mkuu alitokea nyuma yao, akasoma, akafuta macho kwa mkono wa joho, akamshika Lu bega.

"Kijana," alisema, "mama yako ana bahati."

Suyin aliuona mdomo wa Lu ukifunguka. Akauona ukifungika. Brashi bado ilikuwa na wino.

Shairi lilisafiri. Lilifika hadi Chang'an, mji mkuu, ambako watahini waliuliza ni nani kijana huyu anayempenda mama yake kiasi hiki, na mara ya tatu Lu akafaulu. Mama yake mwenyewe alikuwa hai, na yu hai hadi leo, mnene, mwenye afya, akigombana na wakwe zake. Nao watawa wakalifunika shairi kwa shashi ya kijani ili vumbi na inzi wasiliguse, heshima wanayopewa wakubwa peke yao.

Na Suyin akaliimba. Karamu baada ya karamu aliombwa "lile la Bwana Lu", akaimba msiba wake mwenyewe kwa jina la mtu mwingine, na wageni wakamsifu kwa jinsi alivyouelewa. Liliimbwa hivi:

Mpea umechanua uani kwa watu,
mama anamwita mwanawe aje kula.
Machozi yangu yatosha kuujaza mto;
nikageuka, kana kwamba nimeitwa mimi.

Mstari wa tatu ulimchoma kuliko yote. Alikuwa na miaka kumi na minane alipoutunga, na kesho yake tu alishajua kwamba haufai. Mto mzima, jamani. Mtu anayelia mto mzima hana nafasi ya kugeuka akiitwa. Angeubadilisha, lakini kitu kikishakuwa cha mwingine hukirekebishi. Na wageni, kama ilivyo desturi ya wageni, waliupenda mstari huo huo. Wakiufikia walifumba macho na kutikisa vichwa.

Miezi minane nyuma Lu alikuwa amerudi Yunxi, safari hii akiwa Liwali. Alimwita Suyin kwa heshima, hakumtazama usoni. Ombi alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka. Suyin alimwelewa vizuri kuliko alivyopenda. Mtumbuizaji wa daftarini akisema neno, ni porojo za karamuni. Mwanamke huru akilisema, watu watakaa chini wasikilize.

Karamu ya siku hiyo iliandaliwa hekaluni penyewe, chini ya mipea, kumkaribisha Mzee Cui Mingyuan, waziri mstaafu aliyekuwa akipita akirudi kwao. Mzee Cui alikuwa na miaka sabini na ushei, meno machache na macho mengi. Vyakula vilikuwa vya baridi: mikate ya kunazi, mayai yaliyopakwa rangi, samaki waliokaushwa kwa moshi juzi. Mvinyo wa mchele ulikuwa baridi pia, na wageni walijifariji kwa kunywa mwingi.

Suyin alipewa kijibendera chekundu, yaani ndiye hakimu wa vikombe. Kazi hiyo hakuna aliyemzidi katika wilaya nzima. Kuanzia kikombe cha kwanza hadi cha mwisho neno la hakimu ni sheria; anayevunja mchezo, anayechelewesha zamu, anayesema mambo ya ofisini, anatupiwa bendera na kunywa, awe karani au Liwali. Kwa saa chache wakubwa walimtii, na, kusema kweli, alizipenda saa hizo.

"Kapteni Meng," alisema, "umepiga miayo Mheshimiwa Cui akizungumza. Kikombe."

"Nilikuwa navuta pumzi."

"Basi vikombe viwili. Kimoja cha miayo, kimoja cha uongo."

Mzee Cui alicheka hadi akakohoa. Kisha akageukia ukuta mweupe, akaiangalia ile shashi ya kijani muda mrefu.

"Bwana Lu," alisema, "shairi lako hili nalijua tangu niko Chang'an. Wakati ule ulikuwa kijana. Leo umerudi mahali pale pale, msimu ule ule. Nakuomba ulijibu. Mistari minne tu. Nitalibeba mimi mwenyewe hilo jipya, niwasomee watu huko niendako."

Wageni wakapiga makofi. Ombi lilikuwa la heshima, halikuwa na mlango wa kutokea. Kwa kawaida muda wa kutunga hupimwa kwa kijiti cha ubani, lakini moto ulikatazwa, kwa hiyo mtawa mmoja akaleta bakuli la shaba lenye tundu dogo, akaliweka lielee juu ya maji ya beseni. Likizama, muda umekwisha.

Suyin alimsogelea Liwali kumsagia wino, ndiyo kazi yake. Karatasi ilikuwa nyeupe, na mkono wa Lu ulikuwa umeishika brashi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Jasho lilimtoka kwenye masikio. Alikuwa mtawala mzuri, alijua kuchimba mifereji na kuamua kesi za mipaka ya mashamba, ila mashairi yake yote mengine yalikuwa makavu, na watu waliyasamehe kwa ajili ya lile moja.

"Suyin," alinong'ona bila kuinua kichwa. "Nisaidie. Ombi lako nitalitazama."

"Umelitazama miezi mitatu, Bwana Liwali."

"Nimekosa. Najua nimekosa."

Bakuli lilikuwa limejaa nusu. Suyin aliendelea kusaga. Angeweza kunyamaza, kama yeye alivyonyamaza, na bakuli lingezama na Liwali pamoja nalo, na kila mtu pale angeutazama ukuta na kuanza kujiuliza. Aliliwaza jambo hilo taratibu, akaliona tamu. Angeweza pia kumnong'oneza mistari minne, Lu aandike, asifiwe, na kesho amfutie jina kwa shukrani. Hiyo ilikuwa njia fupi. Lakini moyo wake ulikataa kabisa. La kwanza lilikuwa limekwenda. La pili hangempa.

Akasimama, akainua bendera.

"Sheria ya hakimu," alisema. "Mwenyeji haandiki wageni wakiwa hawajashiba. Zamu yake anaichukua hakimu."

"Sheria hiyo imetoka wapi?" aliuliza Kapteni Meng.

"Imetoka sasa hivi. Na wewe kwa kuuliza, kikombe."

Watu wakacheka, Kapteni akanywa. Mzee Cui peke yake hakucheka. Aliegemea mbele, akamwashiria aendelee. Suyin hakugusa karatasi. Aliitazama mipea, akatazama barabara ya mlimani iliyoonekana juu ya ukuta, ambako watu walikuwa sasa wanateremka, vikapu vitupu. Kisha akasema, bila kuimba:

Chakula kimepoa, sijakiondoa mezani.
Majani yameota hadi mlangoni pangu.
Wenye mafagio wanapita, wanaitana majina;
lako, mwanangu, bado sijalisikia.

Bakuli likazama, na mlio wake wa shaba ulisikika kwa kila mtu. Zhiying, aliyekaa na filimbi mapajani, alikuwa ameinamisha kichwa. Yeye alijua mama huyo ni wa nani.

Mzee Cui aliirudia mistari hiyo kwa midomo tu, mmoja mmoja. Kisha akautazama ukuta, akamtazama Suyin, akautazama ukuta tena. Mtu aliyesoma mashairi miaka hamsini huwezi kumficha kwamba vipande viwili vya kitambaa vimetoka jora moja.

"Binti," alisema polepole, "wewe una miaka mingi hapa Yunxi. Hili la ukutani ni la nani?"

Lu Boheng aliweka brashi chini.

Suyin alikuwa na jibu hilo tayari kwa miaka kumi na sita. Alikuwa amelifanyia mazoezi akichana nywele, akifunga nyuzi za gambusi, akitembea nyuma ya machela ya wakubwa. Neno moja, "Langu," na shashi ile ingekuwa yake. Lakini aliyesema neno hilo kabla hajafutwa daftarini atakuwa mtumbuizaji aliyemwaibisha Liwali, na hao hupelekwa kwenye kambi za askari mpakani, ambako hakuna barabara inayopanda Kilima cha Misonobari. Alikuwa anatakiwa achague kati ya shairi la mama yake na kaburi la mama yake. Alichagua upesi, akashangaa jinsi lilivyouma.

"La Bwana Liwali, Mheshimiwa," alisema. "Siku hiyo nilikuwepo."

Mzee Cui alimkazia macho kwa muda. Hakumwamini, na alimfanyia hisani ya kutosema.

"Basi, Bwana Lu," alisema, akigeuka, "mama amejibu. Anasema jina la mwanawe hajalisikia. Wewe ndiye mwenye shairi, unasemaje?"

Liwali aliitazama karatasi nyeupe mbele yake. Halafu, mbele ya wageni wote, akanyoosha mkono kumwelekea Suyin, kiganja juu. Hakuna aliyeelewa isipokuwa Suyin. Alitoa karatasi iliyolegea mkononi mwa joho, akaikunjua, akaiweka mezani. Lu aliandika kwa mwandiko ule ule mzuri: jina lifutwe, kuanzia leo aende anakotaka. Akamwita karani wa muhuri, akapiga rangi nyekundu.

Kisha hakuiweka brashi chini. Aliigeukia ile shashi ya kijani, na mdomo wake ukafunguka. Suyin alisubiri kidogo, kwa mazoea tu. Mdomo ukafungika.

"Inatosha, Bwana Lu," alisema Suyin taratibu, na akamrudishia mtawa bendera nyekundu.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa bado Chakula Baridi, siku ya mwisho. Zhiying alimwazima fagio na kumjazia kikapu, huku akilalamika muda wote.

"Uji wa baridi na yai moja. Mtu mzima anatoka utumwani kwa yai moja."

"Na mikate ya kunazi uliyoiba wewe jana."

"Mitatu. Mmoja wa Mama, mmoja wako, mmoja wa huko njiani." Alimfungia kikapu, akakifungua, akakifunga tena. Machozi yalikuwa karibu. "Utarudi kunisalimia?"

"Nitarudi. Nikitaka mwenyewe."

"Ringa tu, Dada. Una haki."

Kupanda kulimchukua asubuhi nzima, maana hakuwa na mazoea ya kutembea bila mtu wa kumharakisha, na alisimama mara nyingi bila sababu. Kaburi hakulitambua. Alizunguka kilimani kati ya makaburi yaliyofagiwa, yenye vipande vya karatasi nyeupe vilivyofungwa matawini, hadi akafika kwenye kichuguu kimoja kilichomezwa na majani, jiwe lake limeinama. Alifuta jiwe kwa kiganja, na herufi za jina la mama yake zikatokea moja baada ya nyingine chini ya kuvu.

Alifagia. Aling'oa majani kwa mikono hadi vidole, vilivyozoea nyuzi za gambusi, vikachubuka. Aliliweka jiwe wima, akalikaza kwa mawe madogo. Akafunga karatasi nyeupe kwenye tawi la msonobari, akapanga yai, mkate na bakuli la uji. Yote hayo aliyafanya kimya, na kwa uangalifu, kama kazi nyingine yoyote. Alilia baadaye, alipoketi na kukosa cha kufanya, na hakulia mto. Alilia kiasi cha kulowesha ncha ya mkono wa joho, basi.

"Mama," alisema, "nilikutungia shairi. Limechelewa kukufikia kwa sababu mtu alilichukua. Linazunguka huko, watu wanalipenda. Lakini lina mstari mmoja mbaya, na sikutaka ulisikie hivyo."

Chini kule, paa la Hekalu la Kengele Kuukuu lilionekana kati ya mipea. Lu Boheng na abaki na lile la ukutani, na shashi yake, na mto wake. Suyin alisafisha koo, akasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayezungumza na mtu aliye karibu:

Mpea umechanua uani kwa watu,
mama anamwita mwanawe aje kula.
Nilikuwa napita tu, gambusi begani;
nikageuka, kana kwamba nimeitwa mimi.

Akalirudia mara ya pili kuhakikisha. Lilikuwa limekaa sawa. Kisha akavuta bakuli lake la uji uliopoa, akala pamoja na mama yake, taratibu, hadi jua likapita utosi, na siku nzima hakuna aliyemwita.